Taipureta Iliyofutika Herufi

Kache alipoiteremsha taipureta kutoka juu ya kabati, vumbi lilimwingia puani akapiga chafya mara tatu, na mimi niliyekuwa nimekaa mkekani na magoti yangu mabovu nikaitambua kabla hajalipangusa sanduku lake. Matanga ya mama yake yalikuwa yameingia siku ya tatu. Wanawake walikuwa nje wakisugua masufuria, wanaume wakibishana turubai lirudishwe kwa nani, nami nilikuwa nimejificha ndani kwa kisingizio cha uchovu, ambacho katika umri wangu hakuna anayekihoji. Nimestaafu siku nyingi sasa. Naamka nimechoka, nalala nimechoka. Lakini nikisema kweli, neno hilo nilianza kulitumia nikiwa na miaka ishirini na mmoja, miguu ikiwa mizima kabisa, mwaka ule wa themanini na kitu niliokaa chumba kimoja na Sidi, mama yake Kache, kule Muyeye, Malindi. "Mama alisema hii upewe wewe, mama mdogo," Kache aliniambia. Akaniwekea sanduku mapajani, akatoka kwenda kuangalia chai. Sikulifungua. Nilikaa nalo tu, likinibana mapaja.

Chumba chetu kilikuwa cha tatu upande wa kushoto wa ukumbi, katika nyumba ya makuti yenye vyumba sita na choo kimoja. Kitanda kilikuwa cha kamba, na mimi na Sidi tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake. Kila jirani alipobamiza mlango, udongo wa ukutani ulipukutika, na asubuhi tulikung'uta shuka kabla ya kukunja. Kila mmoja alikuwa na msumari wake ukutani na gauni lake moja la maana likining'inia hapo. Chakula kilikuwa sima na mboga chungu ya mchunga siku tano za wiki, na siku mbili zilizobaki, kama Sidi alivyopenda kusema, tulibadilisha, tukala mchunga na sima. Yeye alikuwa mpishi katika hoteli ya mabati karibu na soko, kazi yake chapati na maharage, na alama za mafuta ya moto zilimpanda hadi viwikoni. Alianza kazi alfajiri, na ikifika saa nane mchana yuko huru. Mimi asubuhi nilifua shuka za watalii katika hoteli kubwa ya pwani, na alasiri nilikwenda chuo cha uhazili.

Chuo nikikiita chuo nakipa heshima. Kilikuwa chumba juu ya duka la vitambaa, taipureta nane kwa wasichana ishirini na watano, na Madam Esta, mama wa bara aliyetufundisha kwa rula mkononi, akigonga meza ili vidole vyetu vifuate mdundo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mpiga taipu haangalii vidole. Kila msichana alikuja na kipande cha leso, ncha mbili zikafungwa shingoni na mbili kwenye mashine, na mikono ikafanya kazi chini yake bila kuonekana, kama mama anayemfunika mtoto anyonye. Mwanzoni mwa mwaka alitutangazia kwamba ofisi moja ya Kilifi, iliyoshughulika na korosho, ilikuwa imemwomba wasichana wawili watakaofaulu mtihani wa mwisho wa mwaka. Wenzangu wengi waliitaka Mombasa, Kilifi waliiona kijiji. Mimi nilirudi Muyeye mbio kumwambia Sidi kwamba wanataka wawili.

Sidi hakuwa na karo ya chuo, wala hakuwa na njia ya kuipata. Nilimuuliza Madam Esta, naye akasema mtihani unamruhusu mtu kujiandikisha kutoka nje, mradi apate mashine ya kujifunzia na mtu wa kumwelekeza. Mtu wa kumwelekeza nilikuwa mimi. Mashine mpya hatukuithubutu hata kuiulizia bei. Tungepata ya mkono wa pili, iliyofunguliwa na kusafishwa na fundi. Sidi alitoa pesa za korosho za nyumbani pamoja na alichoweka akiba hotelini, nami nikatoa nilichokuwa nacho, ambacho kilikuwa kidogo kuliko chake. Tukavifunga pamoja kwenye pembe ya leso yake, tukaenda mji wa kale kwa Fundi Swaleh.

Fundi Swaleh alikuwa mzee mwembamba, kikoi kiunoni na miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na duka lake lilinuka mafuta ya taa. Alitengeneza cherehani, saa za ukutani na taipureta, na vipande vya vitu hivyo vyote vilikuwa vimechanganyika juu ya meza moja ambayo yeye peke yake aliijua. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na haraka, akatuuliza tuna kiasi gani, kisha akatutolea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa dude jeusi, refu, zito, lililotoka shule moja ya misheni upande wa Kaloleni, na vidole vya wanafunzi vilikuwa vimelilamba hata herufi zote juu ya vibao vyake zikafutika. Vibao vilikuwa vyeupe kama meno. Ya pili ilikuwa ya kijani, nyepesi, ndani ya sanduku lake lenye mkono wa kushikia, aliyoiacha Mtaliani mmoja aliyerudi kwao. Herufi zake zilisomeka zote, na kengele yake ililia vizuri. Ile nyeusi ingetubakishia pesa za kununulia karatasi na utepe. Ya kijani ingemaliza zote.

Fundi alikuwa na desturi yake. Hakuuza mashine mpaka mnunuzi aipige jina lake mwenyewe, na likitoka sawasawa ndipo mnaongea. Nilipiga jina langu, Nyevu, kwenye ile nyeusi, bila kuangalia kwa kuwa hapakuwa na cha kuangalia, likatoka. Nikalipiga kwenye ya kijani, likatoka. Sidi, ambaye hakuwahi kugusa taipureta maishani mwake, alilitafuta lake kwa kidole kimoja kwenye ile ya kijani, akalipata, akabaki akilitazama kwenye karatasi huku ameziba mdomo. Ile nyeusi aliichungulia akacheka. "Hii mbona haina macho?" aliuliza. Kisha akanigeukia. "Lakini mwenye kujua ni wewe, mwenehu, ndugu yangu. Chagua wewe. Ukiichagua wewe, mimi nishaipenda." Akatoka kwenda kuomba maji ya kunywa nyumba ya pili.

Hapo ndipo Fundi Swaleh alipovua miwani yake. "Sikiza, mwanangu," akasema. "Hii ya kijani ni ya Kitaliani, na herufi zake hazikukaa kama za mashine za hapa. M iko mwisho huku, Z iko juu, na W iko chini. Majina yenu hayana hizo, ndiyo maana yametoka sawa. Kama mwataka ya kuandikia barua zenu, chukueni. Kama ni ya mtihani, chukueni ile mbaya." Nikamwambia nimesikia. Sidi akarudi akipangusa midomo kwa upindo wa leso, mzee akanitazama akingoja niseme, na mimi nikasema tunachukua ya kijani. Akavaa miwani, akaanza kuifunga mashine. Alikuwa mtu wa adabu za zamani. Alikuwa ameshasema mara moja.

Nimetafuta sababu nzuri miaka yote hii na sijaipata. Niliyo nayo ni hii: nililitaka lile sanduku. Nilijiona nikipita barabarani Malindi nimelishika mkononi, watu wakidhani ni karani wa benki. Ile nyeusi ingehitaji mkokoteni, na wasichana wa chuo wangetucheka. Nilijiambia pia kwamba herufi tatu si kitu, kwamba nitamweleza Sidi kesho, tukishapumzika. Tulipokezana kulibeba hadi Muyeye, na kila zamu yake Sidi alilikumbatia kifuani badala ya kulishika mkono wake. Sikutaka kumharibia siku ile. Na kesho yake nilimchorea ramani ya vidole, mfano wa ile iliyobandikwa ukutani chuoni, ila hii niliichora nikitazama mashine yetu. Kalamu ilipofika penye M ilisita. Nikaiandika pale ilipowekwa na Mtaliani, nikampa.

Alijifunza upesi mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Kila alasiri, mimi nikiwa chuoni, aliiweka mashine juu ya kreti la soda lililotandikwa blanketi, akajifunika leso, akapiga nyuma ya orodha za nguo chafu nilizozibeba kutoka hotelini kwetu, kwa kuwa pesa za karatasi hatukubakiwa nazo. Jirani wa chumba cha pili aliuliza ni bisi gani hizi tunazokaanga kutwa na hatumwonjeshi mtu. Kufikia katikati ya mwaka, nikirudi jioni nilianza kuzisikia zile bisi nikiwa bado ukumbini, mfululizo, bila kukwama, kasi kuliko yangu. Alinionyesha ukurasa mzima usio na kosa. Niliukagua kwa rula kama Madam Esta, nikamwambia vizuri, ongeza mwendo. Mimi mwenyewe mashine ile sikuigusa, kwa sababu ilinivuruga vidole. Alipouliza kwa nini, nilimwambia nimechoka, napiga taipu kutwa. Alinionea huruma. Siku tulizobahatika kupata samaki, kipande cha kichwa, ambacho sote tulikipenda, alikisukumia upande wangu.

Mara nne au tano aliniomba nimpeleke chuoni Jumamosi akaone mashine za wenzangu. Madam Esta asingekataa, nilijua hivyo. Nilikuwa nikilala kitandani, miguu ukutani, nikimwambia, "Jumamosi hii nimechoka, Sidi. Ile nyingine." Naye akaenda kunitekea maji ya kuoga. Kila wiki iliyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu. Mwezi wa kwanza ningesema nilikosea. Mwezi wa tatu ningelazimika kueleza kwa nini nilinyamaza. Mwezi wa nane nilikuwa naomba tu, kwa Mungu ambaye nilimwona Jumapili hadi Jumapili, kwamba vidole vyake vitajijua vyenyewe siku ile. Upumbavu wa aina hiyo humpata mtu aliyesoma kidogo. Asiyesoma kabisa angekuwa ameshasema.

Asubuhi ya mtihani Sidi alitununulia mahamri na mbaazi za nazi, akavaa gauni lake la msumarini, na mikono aliipaka mafuta ya nazi hadi viwikoni ili alama zisionekane sana. Mtihani ulifanyiwa katika ukumbi wa shule, mashine zimepangwa safu safu, zote nyeusi, zote za namna moja. Hapakuwa na leso siku hiyo, lakini tulikuwa tumefunzwa kutoangalia, na Sidi alifunzika kuliko sisi sote. Alikaa safu ya mbele yangu, upande wa dirishani. Msimamizi alipotoa amri, mashine yake ilianza kabla ya zote, na kwa muda kidogo ilitangulia ukumbi mzima, bisi zile zile, macho yake yakiwa kwenye karatasi ya kunakili kama inavyotakiwa. Kisha ikanyamaza. Nilimwona akiinua uso kutazama alichokipiga. Kila penye W palikuwa na Z, kila penye Z palikuwa na W, na penye M palikuwa na nukta-mkato, nusu nzima ya ukurasa. Akatazama vibao vya mashine. Akatazama tena karatasi. Halafu akageuka akanitafuta mimi.

Hakuwa na hasira. Ningeipendelea hasira. Alinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa kwa ndani na anajua kuna mtu. Nikateremsha macho nikaendelea kupiga. Katika mambo yote ya mwaka ule, hili ndilo ninaloliona nikifumba macho: niliendelea kupiga, na sikukosea hata herufi moja. Mashine yake ilianza tena baada ya muda, sasa kwa kidole kimoja, ta, ta, ta, akizitafuta, mpaka muda ukaisha.

Tulitoka pamoja. Kwenye kivuli cha ukuta wa shule alisimama akivua viatu vilivyokuwa vikimbana. "Herufi za huku zimekaa kwengine," akasema. Nilikuwa na nafasi yangu hapo, na mpaka leo sijapata nyingine kubwa kama ile. Nikasema, "Nimechoka, Sidi. Tutaongea nyumbani." Akasema haya. Nyumbani alibandika sima, tukala, akauliza kama chumvi inatosha.

Majibu yalipokuja, jina langu lilikuwemo na lake halikuwemo. Nilikwenda Kilifi na msichana mwingine wa Madam Esta, mchapakazi asiye na kosa lolote, na sikumpenda hata siku moja katika miaka yote tuliyokaa meza mbili zinazotazamana. Sidi alirudi kwao Kakuyuni. Ada ya kurudia mtihani hakuwa nayo, na hata angeipata, alisema, vidole vyake vishazoea. Taipureta nilimwachia, sikudai sehemu yangu, na nakumbuka nilijiona mkarimu. Kule aliolewa, akazaa, akalima, na watu wakamjua kama mwanamke mwenye mashine. Barua za shule, kadi za harambee, ratiba za mazishi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, yote alipigiwa magoti ayapige yeye, na wengi walimlipa kwa kuku au kwa ahsante. Aliniandikia nami, barua safi zisizo na kosa. Kila Krismasi nilikwenda kumwona. Alipika wali wa nazi na kuku, akanitandikia mkeka mpya, tukaongea habari za watoto na mvua. Nilikuja kuamini kwamba alishasahau, au kwamba hakuwahi kujua. Mtu akitaka sana kuamini kitu, hahitaji ushahidi mwingi.

Kache aliporudi na chai, alikuta bado sijalifungua sanduku, akalifungua yeye. Mashine ilikuwa imebanduka rangi, na vibao vyake sasa vilikuwa vitupu, herufi zote zimeliwa na vidole vya Sidi, kama ile nyeusi tuliyoicheka dukani. Ndani ya kifuniko palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, imeingia rangi ya chai. Niliijua kabla hajaikunjua. Ilikuwa ile ramani ya vidole niliyoichora kwa mkono wangu, M yake mwisho, W yake chini. Kache akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na ramani ya pili, kwa mwandiko wa mama yake, kwa penseli: herufi za zile mashine za mtihani, kila moja mahali pake, na zile tatu zimezungushiwa duara.

"Hizi mbili ni za nini, mama mdogo?" akauliza. Umri wake ni zaidi ya ule tuliokuwa nao sisi, na ana macho ya mama yake. Nilifungua mdomo nikataka kumwambia nimechoka. Nikamwambia ile ya mbele niliichora mimi, na nilipoichora nilijua kwamba mtihanini haitamfaa, fundi alikuwa ameniambia, na kwamba mama yake hakufaulu kwa sababu yangu. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama kikombe. Nje mtu alikuwa akiita watoto wakale.

Kache hakushtuka. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha kifunikoni. "Alikuwa anajua," akasema. "Alijua tangu siku ile. Mimi nilitaka kukuuliza tangu nilipokuwa msichana, akanikataza. Kila Krismasi akikukatia kuku, alikuwa akituambia jikoni, nyamazeni, huenda leo akasema." Akanisogezea chai karibu, akaniuliza kama sukari inatosha.

Nilizikumbuka zile Krismasi zote, moja moja. Nilikuja nimebeba zawadi, nikala, nikausifu wali. Ikifika saa tisa nilisema njia ni ndefu na nimechoka, na yeye alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka gari langu likaja.